Tuwawekee polisi mipaka kabla ya kuwapa bunduki za umeme

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wazee wetu walisema hivyo kwa kuwa waliijua tabia ya kuku. Anayemnunua sokoni na kumleta nyumbani humfunga kamba siku za mwanzo, si kwa sababu anamchukia, bali kwa sababu kuku huyo hajaujua mji na mji haujamjua. Kamba ikisahauliwa, kuku huingia katika mashamba ya watu, na ugomvi wa majirani huanzia hapo.

Methali hii ilinijia akilini siku ambayo wanafunzi wa shule moja ya upili hapa Kayole walifanya mjadala darasani. Hoja waliyopewa ilikuwa hii: polisi wa Kenya wapunguziwe bunduki za risasi na badala yake wapewe bunduki za umeme. Waliounga mkono walijiandaa vyema. Mmoja alisema kwamba maiti hafufuki, lakini mtu aliyepigwa na umeme huanguka, akashikwa, akafikishwa kortini, na mama yake akamwona tena. Darasa zima lilimpigia makofi, na kwa kweli alistahili.

Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. Hakuwa katika upande wowote wa mjadala. "Mwalimu," akasema, "risasi ikilia usiku huku kwetu mtaa mzima huisikia. Hata kama hatukuona, tunajua kuna mtu amepigwa, na asubuhi tunauliza ni nani. Hiyo ya umeme nani ataisikia?"

Kengele ililia kabla mtu hajamjibu. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu la papo hapo. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na nimeyaandika gazetini kwa kuwa swali lake si la darasa moja.

Kwanza tukumbushane swali hilo linatoka mahali gani. Kayole iko mashariki mwa jiji la Nairobi, katika eneo bunge la Embakasi ya Kati, imepakana na Komarock, Umoja, Dandora na Njiru. Ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, ya wachuuzi, mafundi, makanga, walimu na watoto wengi. Kutoka Masimba hadi Soweto na Matopeni, hakuna nyumba isiyo na hadithi ya polisi. Wapo wanaosimulia jinsi afisa alivyowaokoa mikononi mwa majambazi. Wapo pia wanaosimulia jinsi kijana wao alivyotoka kununua mkate na kurudishwa akiwa ndani ya jeneza.

Katika miaka ya 2010 mambo yalizidi kuwa mabaya Eastlands. Zilitokea kurasa mitandaoni, nyingine zikijiita kwa jina la Hessy, zilizotangaza picha za vijana waliodaiwa kuwa wahalifu, na baadaye zikaonyesha maiti. Hakukuwa na mashtaka, wala shahidi, wala hakimu. La kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi yetu wakazi tulishangilia, kwa sababu tulikuwa tumechoka kunyang'anywa simu na kuvunjiwa milango. Tulisahau kwamba anayeruhusu mtoto wa jirani auawe bila kesi amekwisha kuruhusu vivyo hivyo kwa wake.

Ndipo wakazi wa mitaa hii walipoanza kujipanga. Vilizaliwa vituo vya haki za jamii katika Mathare, Dandora, Kayole na kwingineko. Kazi ya vituo hivyo ilikuwa ya kiasi na ya lazima: kuandika jina la aliyeuawa, siku, mahali, na walioshuhudia. Akina mama waliofiwa nao wakaunda mtandao wao. Julai 7, 2020, siku ya Saba Saba, vituo hivyo viliandamana Nairobi kudai mauaji yakome. Walichodai hakikuwa kuvunjwa kwa polisi. Walidai polisi wafuate sheria ambayo tayari ipo.

Naam, sheria ipo. Wengi wetu hatuijui, na sisi walimu tuna lawama katika hilo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 ina Jedwali la Sita, ambalo laiti lingebandikwa katika kila darasa la historia na uraia. Linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikilazimu, ilingane na lengo, na uzito wa kosa, na ukaidi wa mtu anayekabiliwa. Aliyejeruhiwa apewe matibabu mara moja, na jamaa zake waarifiwe. Amri ya mkubwa si kinga kwa afisa anayetenda uovu akijua ni uovu. Kifo au jeraha baya lisizikwe kituoni, bali liripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, nayo ichunguze.

Sheria hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Ilizaliwa na machozi. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza mwaka 2008 jinsi mamia ya Wakenya walivyokufa kwa risasi. Mwaka 2009 Philip Alston, mjumbe wa Umoja wa Mataifa, alikuja kuchunguza mauaji ya polisi, na mwaka huohuo jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley likapendekeza marekebisho. Katiba ya 2010 ikafuata, kisha sheria za 2011. Kwa maneno mengine, tuliwapa polisi bunduki tangu enzi za mkoloni, na tukaandika mipaka ya maana baada ya miongo mingi ya makaburi. Kuku alitembea bila kamba muda wote huo.

Hapo ndipo hoja ya wanafunzi wangu inapogusa jambo kubwa. Maadamu hadi leo silaha anazozijua mkazi wa Kayole ni rungu, kitoa machozi, risasi za mpira na bunduki ya kawaida, tuna nafasi ambayo hatukuipata mara ya kwanza. Tunaweza kuandika mipaka kabla ya silaha mpya kufika.

Bunduki ya umeme ni nini hasa? Ni chombo cha mkononi chenye umbo la bastola. Ukikibonyeza, hewa iliyobanwa hurusha vishale viwili vidogo vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Vikinasa katika nguo au ngozi, umeme hupita na misuli ya mwili hukaza yote kwa pamoja. Mtu hawezi kukimbia, kujitetea wala kujishika anapoanguka. Aina maarufu iliyoenea duniani mwanzoni mwa karne hii ilitangazwa kuwa na volti 50,000, na mpigo mmoja hudumu sekunde tano. Hata hivyo, kidole kikiendelea kubana, umeme nao huendelea. Isitoshe, chombo hichohicho kinaweza kugusishwa mwilini bila kurusha vishale. Hapo hakimwangushi mtu kwa kukaza misuli yake yote. Kazi yake huwa ni kutia uchungu tu.

Wanaokitetea husema kimeokoa maisha mengi, na sina sababu ya kubishana nao. Mtu mwenye panga aliyerukwa na akili, akizingirwa na polisi wasio na kitu ila bunduki, ana uwezekano mkubwa wa kufa. Akikabiliwa kwa umeme huenda akapona, akapelekwa hospitali, akatibiwa. Umoja wa Mataifa wenyewe, katika Kanuni za Msingi zilizopitishwa Havana mwaka 1990, ulizitaka serikali ziwape polisi vifaa mbalimbali ili bunduki isiwe jibu la pekee. Lakini kanuni hizo hazikuishia hapo. Kanuni inayofuata yasema vifaa hivyo visivyokusudiwa kuua vipimwe kwa makini, na matumizi yake yadhibitiwe. Wengi husoma ya kwanza wakaacha ya pili.

Tuangalie yaliyowapata wenzetu walioipokea silaha hii mapema. Oktoba 2007, msafiri mmoja kutoka Poland alifika katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada. Alikaa humo saa nyingi bila msaada, hajui Kiingereza, amechoka na kuchanganyikiwa. Akaanza kurusha vitu. Maafisa wanne wa polisi walifika na muda mfupi baadaye mmoja wao akampiga kwa bunduki ya umeme. Alipigwa mara tano, akafa palepale sakafuni.

Maelezo ya kwanza ya polisi yalimfanya aonekane mtu hatari aliyewashambulia. Ukweli ulijulikana kwa kuwa msafiri mwingine alikuwa amelipiga tukio hilo picha za video. Serikali ya jimbo hilo iliunda tume chini ya Jaji mstaafu Thomas Braidwood. Tume ikasema nguvu ile haikuwa ya haki, na ikapendekeza bunduki ya umeme itumike tu pale ambapo mtu anamdhuru mwenzake au yu karibu kumdhuru. Maafisa wawili kati ya wale wanne walihukumiwa baadaye kwa kusema uongo mbele ya tume.

Mfano wa pili utawagusa vijana wanaopenda kandanda. Dalian Atkinson aliwahi kuichezea Aston Villa ya Uingereza na kufunga mabao yanayokumbukwa hadi leo. Agosti 15, 2016, akiwa na umri wa miaka 48, mgonjwa wa mwili na aliyevurugika akili, alikuwa nje ya nyumba ya baba yake huko Telford polisi walipofika. Afisa mmoja alimpiga kwa umeme mara tatu, na mara ya tatu kidole hakikuondoka kwa sekunde 33. Kisha akampiga mateke kichwani. Atkinson alifariki. Mwaka 2021 afisa huyo alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka minane.

Mwanafunzi makini ataniuliza: tulijuaje kwamba zilikuwa sekunde 33 na si kumi? Jibu ni kwamba chombo chenyewe kilihifadhi kumbukumbu. Bunduki za umeme za kisasa huandika ndani yake saa zilipobonyezwa na muda uliopita. Kuna hata aina ambazo zikirushwa humwaga vipande vidogo vya karatasi vyenye nambari, ili ijulikane ni silaha ipi iliyotumika. Waliounda chombo hiki walijua kwamba hakina mlio wa kuamsha mtaa, wala hakiachi jeraha kubwa, wakakiwekea njia nyingine ya kusema kweli.

Basi, mwanangu uliyeuliza swali, hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Bunduki ya umeme inaweza kusikika, lakini kwa sharti kwamba sheria imlazimishe anayeimiliki kufungua kumbukumbu zake mbele ya mtu asiyemwogopa. Bila sharti hilo, alama mbili ndogo za vishale ngozini zitapona baada ya siku chache, na ushahidi utakuwa umekwisha.

Kenya ina sababu ya pekee ya kuogopa mateso yasiyo na alama. Katika miaka ya 1980, waliozuiliwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji hili, walitiwa gizani, wakanyimwa chakula, wakasimamishwa majini kwa siku nyingi. Ilipita miaka mingi kabla ya mahakama kuwasikiliza na kuwapa fidia. Miongoni mwa sababu ni kwamba maji na giza haviachi kovu. Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso ilionya mwaka 2007 kwamba matumizi ya bunduki ya umeme, kwa uchungu mkali yanaouleta, yanaweza kuwa mateso. Nasi tulipitisha Sheria ya Kuzuia Mateso mwaka 2017. Ni wajibu wetu kuisoma sheria hiyo huku tukifikiria chombo kinachoweza kutumiwa ndani ya seli bila kumwaga tone la damu.

Sehemu ya pili ya jibu inahusu neno lenyewe, "isiyoua". Neno hili limetudanganya mara nyingi. Juni 20, 2024, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, kijana wa miaka 29 alipigwa risasi ya paja katikati ya Nairobi. Paja si kichwa wala kifua. Hata hivyo damu ilimtoka hadi akafa. Kufikia Julai 1 mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vilivyohusishwa na maandamano yale. Lakini Julai 9, 2025, Rais William Ruto alitamka hadharani kwamba wanaochoma biashara za wenzao wapigwe risasi ya mguu, kana kwamba mguu hauna mshipa wa damu.

Siku chache kabla ya tamko hilo taifa lilikuwa limeomboleza mchuuzi wa barakoa. Juni 17, 2025, kijana huyo alikuwa akitembeza bidhaa zake katikati ya jiji polisi walipompiga kichwani kwa bunduki ya kutawanyia watu, kutoka umbali wa hatua chache. Silaha hiyo ilikusudiwa kutisha, si kuua. Alifariki katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta Juni 30. Kama ilivyokuwa Vancouver, video iliyopigwa na waliokuwepo ndiyo iliyozuia tukio lile kusimuliwa kwa namna nyingine.

Funzo ni moja. Silaha huua au huacha kuua kulingana na umbali, sehemu ya mwili, muda, hali ya anayepigwa, na nia ya mkono unaoishika. Shirika la Amnesty International lilihesabu mwaka 2012 watu wasiopungua 500 waliofariki Marekani tangu mwaka 2001 baada ya kupigwa kwa bunduki za umeme. Si kwamba kila mmoja wao aliuawa na umeme wenyewe. Wengine walikuwa wagonjwa wa moyo, wengine wametumia dawa za kulevya, wengine walianguka vibaya. Lakini hao ndio watu ambao polisi hukutana nao kila siku. Chombo kilichopimwa juu ya mtu mzima mwenye afya, aliyesimama juu ya godoro, hakitakutana na mtu huyo mitaani.

Sasa kilete chombo hicho Kayole. Mtu akipigwa na umeme akiwa kwenye ngazi za ghorofa la tano, ambazo nyingi hazina hata kishikio, mikono yake itakuwa imekaza na kichwa ndicho kitakachofika chini kwanza. Mwendesha bodaboda aliyemwagikiwa na petroli anaweza kuwaka moto kwa cheche moja. Mama mjamzito, mzee mwenye ugonjwa wa moyo, mtoto mwembamba wa darasa la saba, kijana aliyeangukia ndani ya mtaro wenye maji, wote wako hatarini kuliko wengine. Msongamano wetu ni sehemu ya hesabu. Machi 30, 2020, wakati wa kafyu ya korona, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, mbali kidogo na hapa. Kufikia mwanzo wa Juni mwaka huo IPOA ilikuwa imesajili vifo 15 vilivyodaiwa kusababishwa na polisi tangu kafyu ianze. Hizo zilikuwa amri za kulinda afya ya watu.

Hata hivyo, hofu yangu kubwa si kwamba bunduki ya umeme itaua. Hofu yangu ni kwamba itatumiwa ovyo kwa kuwa haiui. Afisa mwenye bastola, hata akiwa mkali namna gani, hujua ndani ya nafsi yake kwamba kubonyeza ni kutoa roho. Ufahamu huo humzuia mara nyingi. Mwondolee, na kizuizi kinaondoka. Atampiga muuza mahindi aliyechelewa kufungasha. Atampiga kijana aliyekataa kutoa kitambulisho au aliyekataa kutoa hamsini. Atampiga mwanafunzi anayegoma bwenini. Kila mara atasema: mbona kaamka, mbona hajafa? Kile ambacho zamani kingemalizwa kwa maneno kitamalizwa kwa umeme. Tutakuwa tumepunguza makaburi machache na kuongeza mateso mengi, tena ya kimya.

Najua maafisa wa polisi watasoma haya wakanung'unika, na wana haki ya kusikilizwa. Kazi yao ni ngumu. Wanaishi katika nyumba duni, mshahara hauwatoshi, wengine huuawa na majambazi wenye silaha bora kuliko zao, na raia huwaita wauaji asubuhi kisha wakawaomba msaada jioni. Lakini mipaka haiwekwi kwa ajili ya raia peke yake. Afisa mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na kumbukumbu ya kweli, kwa maana siku atakaposingiziwa, chombo chake kitamtetea. Anayeogopa kumbukumbu ni yule mwenye jambo la kuficha.

Je, kamba ya kuku huyu iwe ya namna gani? Jedwali la Sita linazungumzia nguvu kwa jumla na bunduki. Haliitaji bunduki ya umeme kwa jina. Kabla chombo cha kwanza hakijanunuliwa kwa kodi yetu, Bunge lina wajibu wa kuifunga kamba hiyo kwa maneno yasiyo na utata.

Kwanza, bunduki ya umeme iruhusiwe tu pale ambapo mtu anatishia kudhuru mwili wa mwenzake au wake mwenyewe, na njia nyingine zimeshindwa. Kukaidi amri kwa mdomo, kukimbia bila hatari kwa yeyote, kuchuuza bila leseni au kuandamana kwa amani, haki ambayo Katiba imeilinda katika Kifungu cha 37, kusiwe sababu. Aliyefungwa pingu au aliye ndani ya seli asiguswe nayo kamwe.

Pili, kuwe na kiwango cha muda. Mpigo mmoja wa sekunde tano, na kila mpigo unaofuata uandikiwe sababu yake peke yake. Kugusisha mwilini kwa ajili ya uchungu tu kupigwe marufuku.

Tatu, kila aliyepigwa apelekwe hospitalini kabla ya kupelekwa kituoni, hata akisema yu mzima. Hapa Kayole hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali, kwa hiyo umbali hautakuwa kisingizio. Jamaa zake nao waarifiwe, kama sheria inavyosema kwa majeraha mengine.

Nne, kila matumizi yaingizwe katika kitabu cha matukio kituoni, na kumbukumbu ya ndani ya chombo ipelekwe IPOA bila kungojea mtu alalamike. Nakala isikae kwa mkuu wa kituo peke yake. Kila mwaka hesabu za kila kituo zichapishwe, ili mkazi wa Kayole alinganishe kituo chake na vingine na aulize maswali.

Tano, chombo kisikabidhiwe afisa ambaye hajafunzwa, wala yule aliye na kesi ya kumdhuru raia. Na kinapokabidhiwa, asichukue bunduki ya umeme mkono mmoja na kuitumia bunduki ya risasi kama zamani mkono wa pili. Ikiwa lengo ni kupunguza vifo, basi risasi zipungue kwa hesabu inayoonekana. Vinginevyo tutakuwa tumeongeza silaha, hatukubadilisha.

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya wanasheria. La hasha. Mipaka iliyopo leo iliandikwa kwa sababu akina mama wasio na shahada walikataa kunyamaza, na kwa sababu vijana wa mitaani walijifunza kuandika taarifa zenye tarehe na mahali. Hiyo ni kazi ya Kiswahili na ya hesabu, masomo tunayoyafundisha kila siku. Mwalimu anayemfundisha mtoto kuandika ripoti kwa usahihi, ni nini kilitokea, lini, wapi, nani alikuwepo, amempa ngao. Mwalimu wa sayansi anaweza kueleza umeme hufanya nini katika misuli na moyo. Mwalimu wa historia ana Nyayo House, umbali wa safari moja ya matatu. Nanyi wanafunzi, likizo ikifika, isomeni sheria hiyo ya 2011 pamoja na wazazi wenu. Mtu asiyejua haki yake huomba kama hisani kile anachostahili kudai.

Narudi kwa msichana yule. Alitaka kujua nani ataisikia bunduki isiyolia. Itasikiwa na sheria, ikiwa tutaiandika sasa. Itasikiwa na daktari atakayempokea mgonjwa na kuandika alichokiona. Itasikiwa na jirani aliyetoka nje na kuuliza, kama mtaa wetu ulivyozoea kuuliza asubuhi baada ya mlio wa risasi. Hao watatu wakilala, hakuna chombo kitakachotuokoa, kiwe cha baruti au cha umeme.

Hatumkatai kuku mgeni. Huenda akataga mayai mengi na tukafurahi. Lakini kamba ifungwe kwanza, na ncha yake ya pili tuishike sisi wenye mji.